Komisere Aliyetukimbia

Wakati kampuni ya migodi inaanza kuyumba, mimi nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya, kwenye mtaa mmoja wa wafanyakazi hapa Kolwezi. Kazi yangu ilikuwa chanjo za watoto. Niliifanya pamoja na mama mmoja aliyenizidi umri, ambaye kituo kizima kilimwita Yaya, yaani dada mkubwa. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akaolewa Kolwezi, na Kasai hakuwahi kufika hata kwa msiba. Wazazi wangu mimi walitoka kaskazini mwa Katanga. Kabla ya miaka ile sikumbuki kama tuliwahi kuisikia tofauti hiyo, isipokuwa mezani. Yaya alipika bukari, ugali wetu, kwa kuchanganya mahindi na muhogo. Mimi nilimwambia anaharibu unga wa mahindi, naye alinijibu kwamba watu wa kwetu tunakula saruji.

Mishahara ilianza kuchelewa, halafu ikasahauliwa kabisa. Posho ya unga ikakatwa. Bwawa la Nzilo lilikuwa pale pale na maji yake, mashine zinazunguka, lakini nyaya za kuleta umeme mtaani kwetu zilikuwa zimekatwa na kuuzwa. Friji letu la chanjo liliweza kutumia mafuta ya taa, ila mafuta yenyewe hayakupatikana. Tukawa tunaomba barafu kwa mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa na jenereta yake. Alitupa kwa moyo mweupe, na barafu yake ilinuka samaki. Kila tulipobeba boksi la chanjo kupita mtaani, paka walitufuata. Mama mmoja aliniuliza siku moja kama dawa ya watoto inatengenezwa na paka, na alikuwa anauliza kwa dhati.

Hayo tungeyavumilia. Baya zaidi lilikuwa siasa. Wakubwa walikuwa wamesimama kwenye majukwaa wakasema kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakigonga milango. Familia zilizoishi hapa tangu enzi ya babu zao zikahamia stesheni na masufuria yao, kungoja treni iliyokuja ilipotaka. Watu walilala pale chini ya maturubai, watoto wakizaliwa na wengine wakifa, wote wakinywa maji ya mfereji mmoja. Na mfereji ule haukuishia stesheni. Ulishuka mpaka mitaani kwetu.

Ndipo akaletwa kituoni mtoto mmoja kutoka stesheni, mvulana mdogo aliyekuwa amejifunza kutembea mwaka huo huo. Baba yake alimweka mezani, na mguu mmoja wa mtoto ukaanguka pembeni kama kitambaa. Daktari wetu aliushika, akauinua, akauachia. Akatuambia kwa sauti ya chini kwamba kwa macho yake ile ni polio, na kwamba pale ilipoonekana kwa mtoto mmoja, imeshapita kwa wengi, kwa maji machafu, bila kuonekana.

Matone ya chanjo yalikuwepo, yamefika kutoka Lubumbashi. Tulichokosa ni mafuta, gari, na ruhusa ya kukusanya watu, maana siku zile watu wakikusanyika bila ruhusa, askari walikuja. Tena bila ruhusa hatungeweza kukanyaga stesheni na boksi letu. Vyote hivyo vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, Komisere wa wilaya. Daktari alisema yeye akienda, Komisere atadhani ni siasa. Twende sisi wamama.

Tulivaa vitenge vya Jumapili tukaenda. Sekretere wake alitupokea vizuri sana, akasema Komisere amesafiri, yuko Kasaji. Tukarudi kesho yake. Komisere alikuwa Dilolo, mpakani na Angola. Tukarudi tena, akawa amerudi Kasaji. Wakati sekretere anatueleza hayo, mlango wa nyuma yake ulikuwa wazi kidogo, na moshi wa sigara ulitoka humo taratibu. Yaya aliutazama ule moshi mpaka ukaisha. Akamshukuru sekretere kwa heshima zote. Tulipofika nje akasema Komisere wetu ana nguvu, anasafiri kushinda treni.

Tuliamua kumtafuta mahali ambapo hakuna sekretere. Yaya alikuwa Mkatoliki, na alijua kwamba Komisere husali misa ya kwanza, benchi la mbele. Jumapili akaenda amejiandaa, akakuta benchi tupu. Jumapili hiyo hiyo mimi nilikuwa kanisani kwetu, kwa Waprotestanti, nimesimama na kwaya, nikamwona Komisere anaingia na kukaa karibu na mlango. Alikuwa amekimbia kanisa lake kwa sababu ya Yaya. Tuliimba ubeti wa kwanza, akaimba nasi. Ubeti wa pili macho yetu yakakutana. Akasimama, akaweka kofia kichwani, akatoka haraka, sekunde chache kabla ya sahani ya sadaka kumfikia. Mtaa mzima ukasema Komisere ameogopa kutoa sadaka. Mimi nilijua aliogopa nini, au nilidhani najua. Nilidhani hataki watoto wa stesheni wapate dawa, na nikaanza kumchukia.

Yaya hakumchukia. Alisema mtu mwenye moyo mbaya hakimbii. Hukaa kitini kwake akakufukuza.

Tulimkamata kwa kinyozi. Hatukupanga. Tulikuwa tunatoka kuchukua barafu, tumebeba boksi letu, paka wako nyuma, tukapita mbele ya kibanda cha kinyozi mmoja sokoni. Kinyozi yule alikuwa na kiti cha mganga wa meno, kile cha kulaza mtu chali, ambacho kilimfikia wakati maduka na ofisi za mji zilipoporwa, kwa njia ambazo hakuna aliyemuuliza. Kitini alikuwa amelala Komisere. Shuka jeupe limefungwa shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na upande wa pili bado, na mkanda wa kiti umembana tumbo, kwa kuwa kinyozi alipenda kutumia kila kitu kilichokuja na kiti chake.

Yaya aliingia, akaweka boksi chini, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Jambo, Tata Komisere," alisema, akimwita baba kwa heshima ya kwetu. "Tunakutafutaka tangu siku mingi."

Komisere alijaribu kuinuka. Mkanda ukamrudisha. Akasema ana kazi, kama tunavyoona.

Yaya alimwambia aendelee na kazi yake, sisi tutazungumza polepole. Akamweleza yote. Alieleza habari za friji, za mafuta, za mtoto wa stesheni na mguu wake. Hakupandisha sauti. Wateja wengine walisogea kusikiliza, na kinyozi akasimama na mashine yake ya mkono hewani. Nilikuwa nikimtazama Komisere usoni. Jasho lilimtiririka, na macho yake hayakumtazama Yaya hata kidogo. Yalitazama boksi.

Mwishowe akamwashiria Yaya asogee karibu. Mimi pia nilisogea, kwa hiyo nilisikia.

"Na shindano?" alinong'ona. Ndivyo sindano inavyoitwa kwetu.

"Shindano gani, Tata?"

"Ile ya kuchoma mukubwa mbele ya batu."

Polepole tukaelewa. Utotoni mwake, shuleni Kasaji, waliwahi kuja watu wa chanjo na sindano moja ndefu waliyoichemsha kwenye sufuria mbele ya watoto. Alizimia kabla zamu yake haijafika. Akarudishwa nyumbani nyuma ya baiskeli, amelazwa kama gunia la muhogo, na kijiji kizima kikaona. Halafu, alipopata ukomisere, mtu alimwonyesha picha ya kiongozi wa mkoa mwingine akifungua kampeni ya chanjo, mkono wa shati umekunjwa mpaka begani, muuguzi anamchoma na watu wanapiga makofi. Tangu siku aliyosikia kwamba wamama wawili wa chanjo wanamtafuta, hakulala vizuri.

Nilitaka kucheka, na nilimshukuru Mungu kwamba Yaya hakucheka. Alimwinamia kama anavyomwinamia mtoto mgonjwa.

"Polio haichomake, Tata. Ni matone mbili mu kinywa, basi. Na ni ya batoto."

Komisere alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa mtu mwingine. Akasema mafuta tutapata kesho, hata kama ni kuyatoa kwenye taa za nyumbani kwake. Gari tutapata. Ruhusa ya kukusanya watu uwanjani tumeshaipata, na wote waliomo kibandani ni mashahidi. Akamwambia kinyozi amalizie upande wa pili.

Hapo Yaya akataja stesheni.

Mashine ya kinyozi ikasimama. Komisere alisema wale wanaondoka. Si watu wake tena. Alisema hivyo akitazama dari, na nafikiri alikumbuka katikati ya maneno yake kwamba anayezungumza naye ni nani, kwa sababu hakumaliza. Yaya naye hakumsaidia. Alimwambia tu kwamba mfereji wa stesheni unapita nyuma ya soko, na kwamba watoto wa hapa huchezea humo. Akabeba boksi, tukatoka. Komisere hakuwa amesema ndiyo, wala hapana.

Mafuta yalikuja kweli. Friji liliwaka, na paka wakatuacha.

Siku ya uzinduzi uwanja wa mpira ulijaa. Bendi ya matarumbeta ya kampuni ilikuja kupiga, au tuseme mabaki yake. Njaa ilikuwa imeuza matarumbeta yote, pakabaki ngoma kubwa na lile dude la shaba linalomzunguka mtu kiunoni na kutoa sauti ya ng'ombe. Wimbo wowote waliopiga ulitoka kama ng'ombe anayetembea. Komisere alifika amevaa suti, kichwa kimenyolewa kote, pamoja na mke wake, mama mnene mpole aliyembeba mjukuu mgongoni.

Watu walikuja wengi, lakini hawakuja mbele. Uvumi ulikuwa umetutangulia. Wengine walisema matone yale yatawafanya watoto wasizae. Wengine walisema ni ya kuwatia alama wale wa kufukuzwa, ulimi utakuwa mweusi na vijana watajua nyumba ya kubisha. Kijana mmoja, mkubwa wa kundi la vijana wa mtaani, alisimama mbele na mikono kifuani. Akauliza, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, kama dawa ni nzuri, kwa nini Komisere hainywi yeye.

Komisere alikuwa akilisubiri swali hilo. Alijua sasa kwamba hakuna sindano. Akapanda kwenye meza ndogo, akafungua kinywa kwa upana ambao sijawahi kuuona kwa mtu mzima. Yaya akamdondoshea matone mawili. Komisere akameza, akasema ni chungu kidogo, akaugeukia umati kwa tabasamu.

Na alipogeuka, akaona meza yangu.

Ilikuwa kosa la mpangilio, si la mtu. Kwa kuwa watu watakuwa wamekusanyika, daktari aliamua tuchanje surua pia kwa wale wadogo, na surua ni ya sindano. Nilikuwa nimezipanga kwenye sinia, juu ya kitambaa cheupe, safi na zinang'aa. Komisere aliziangalia. Tabasamu likabaki usoni mwake, lakini damu ikaondoka. Akashuka mezani taratibu, akatafuta kiti, akakosa, akakaa chini kwenye nyasi na suti yake.

Umati ulitoa sauti moja, kama upepo. Halafu nikasikia neno sumu upande mmoja, na neno sumu upande mwingine. Wamama wakaanza kuvuta watoto wao nyuma. Yule kijana akafungua mikono yake na kuanza kuja. Ngoma ikanyamaza. Lile dude la shaba likaendelea peke yake kidogo, kisha nalo likanyamaza. Niliogopa siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu. Yaya alianza kusema kwamba Komisere hajala tangu asubuhi, lakini hakuna aliyemsikia.

Aliyesikika ni mke wa Komisere. Alisogea katikati na mjukuu wake mgongoni, akamtazama mumewe pale chini, akautazama umati, akaweka mikono kiunoni.

"Muache uongo," alisema. "Haiko dawa yenye imemuangusha. Huyu tata anaogopaka shindano tangu tulioana. Muangalie kwenye anaangalia."

Watu wakaangalia alikoangalia. Wakaona sinia langu. Mzee mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikaenda uwanja mzima kama moto kwenye nyasi kavu. Watu walishikana mabega. Wamama walikaa chini. Mpiga ngoma aliegemea ngoma yake akilia machozi. Miezi mingi ilikuwa imepita bila mtaa wetu kucheka pamoja, na nadhani ndiyo sababu kicheko kile kilichukua muda mrefu hivyo. Mama Komisere akamshusha mjukuu, akamleta kwa Yaya awe wa kwanza, akafungua kinywa cha mtoto kwa vidole vyake. Nyuma yake mstari ukaundwa. Sinia langu nililihamishia nyuma ya gari, kwa heshima ya Komisere.

Yeye aliinuka, akajifuta nyasi. Nilidhani ataondoka kwa aibu. Badala yake alikaa pale mpaka mtoto wa mwisho wa uwanjani alipopata matone yake, watu wakipita na kumsalimu huku wakiuma midomo wasicheke. Halafu akasema tufunge boksi, sasa tunaenda stesheni.

Yule kijana akaja mbele yake. Hakucheka. Alisema wale si watoto wetu.

Komisere alikuwa mtu wa ofisi, na alimjibu kwa maneno ya ofisi. "Mutoto mwenye iko mu wilaya yangu leo, iko mutoto wa wilaya yangu leo. Treni ikimubeba kesho, komisere wa kule atamujua."

Baadaye nimeyafikiria sana maneno hayo. Hayakuwa ya shujaa. Hakusema kwamba kufukuza watu ni dhambi, wala hakumzuia mtu yeyote asifukuzwe. Alitafuta tu mlango mdogo kwenye ukuta, akaupata. Lakini siku zile waliotafuta hata mlango mdogo walikuwa wachache. Kijana alitazama huku na huku aone nani yuko naye, akaona watu ambao mashavu yao bado yana machozi ya kicheko. Akakaa pembeni. Nadhani alikuwa amechoka pia. Dada yake alikuwa kwenye mstari na mtoto.

Tulikwenda kwa miguu, bendi mbele, umati nyuma. Hapo tulikosea. Watu wa stesheni waliposikia ngoma na kuona umati unashuka, walidhani tumekuja kuwapiga. Walianza kushika watoto na mizigo, wengine wakikimbilia relini. Bibi mmoja alijifunika kichwa kwa sufuria. Komisere aliinua mkono, na tukasimama wote. Yaya akaenda mbele peke yake, akiwaita kwa Kiluba cha Kasai, lugha ya baba yake, ambayo mimi nilikuwa nikimcheka kwamba anaizungumza kama mgeni. Alizungumza muda mrefu. Sikujua anasema nini. Niliona tu mizigo ikiwekwa chini, mmoja mmoja.

Mama mmoja kijana alikuja na mtoto wake hadi mbele ya Komisere. Akamuuliza bila hasira, "Munatufukuza, na munatupatia dawa ya njia?"

Komisere alimgeukia aliyebeba boksi. Akalichukua yeye, akalibeba kifuani kutoka turubai moja hadi lingine mpaka jua likaanza kushuka. Yule mama alimtazama kwanza, kisha akanipa mtoto.

Mguu wa mvulana yule wa kwanza haukurudi. Aliondoka kwa treni iliyofuata, mgongoni kwa baba yake. Katika wiki zilizobaki tulirudi stesheni tena na tena, kwa maana waliokuja kungoja walikuwa wapya kila mara. Yaya aliwafundisha wamama waseme mbele yake, wote kwa sauti, kwamba wakifika wataomba matone ya mara zilizobaki, maana mara moja haitoshi, kabla hata ya kuomba maji.

Kisha zamu yake ikafika. Vijana walikuwa wamepita kwake mara moja, na mume wake alisema hatangoja mara ya pili. Niliwasindikiza. Mume wake alikuwa ameng'oa mlango wa mbele wa nyumba, kwa kuwa aliununua mwenyewe na hakutaka kumwachia mtu, na mabishano ya kuuingiza mlango ule kwenye behewa la mizigo yalichukua muda wote tuliokuwa nao wa kuagana. Yaya alisema Kasai wakimuuliza ameleta nini kutoka Katanga, atawaambia ameleta mlango. Tulicheka. Treni ikaondoka tukiwa bado tunacheka, na mimi nikarudi nyumbani kwa miguu, nikapika bukari, sikuweza kuila.

Komisere alihamishwa baada ya muda si mrefu. Hatukuambiwa kwa nini. Alipita kituoni kuaga, akasimama mlangoni bila kuingia, kwa kuwa ilikuwa siku ya surua.

Komisere mpya alipoletwa, nilivaa kitenge changu nikaenda ofisini kwake asubuhi ya kwanza. Sekretere alifungua kinywa, na kabla hajanipeleka Dilolo sauti ikatoka ndani ikisema niingie. Niliingia. Nilikuwa nimezoea Yaya ndiye azungumze na mimi nikubali kwa kichwa, kwa hiyo nilikaa pale kitambo kidogo nikimtazama yule bwana, naye akinitazama. Alikuwa ametengewa chai. Nikaanza na habari za friji, nikaendelea na mfereji, na nilipofika kwenye matone, chai yake ilikuwa imepoa.